Asiyengoja Mundu

Umeota tena, we mwizi wa maji,
hapa Chekereni, kwenye jaruba la Eliaichi,
wiki mbili tu tangu nikung'oe.
Jani lako na jani la mpunga wangu
ni tumbo moja, ziwa moja;
mgeni akisimama tutani hawezi kuwatenga.
Mimi nawatenga kwa vidole.
Nikipapasa ndani ya tope naikuta kamba yako,
nyeupe, yenye mafundo,
inatambaa kwenda kwa jirani bila hodi.
Mpunga wangu hauna kamba.
Una kishungi kifupi cha mizizi,
na una mimi.

Miaka kumi na saba nakung'oa.
Nimekung'oa nikiwa na mimba ya Ndeenengo.
Nimekung'oa siku ya matanga ya mama mkwe,
nikasingizia nimekwenda kufungulia maji.
Na kila mwaka suke lako linatangulia:
leo limechanua, kesho kutwa
nikiligusa kwa kiwiko tu, pru!
punje zote majini,
nyeusi, zenye ndevu ndefu kuliko za kambale.
Zinazama, zinashika tope, zinalala
hadi msimu ninaojisahau.
Hungoji mundu.
Hungoji mtu.

Juzi alikuja binti wa utafiti, Haikaeli,
buti mpya, bahasha za kaki mkononi.
Akaliomba lile rundo nililolitupa tutani.
"Taka hizi?"
"Hizo hizo, mama. Tazama majani yake."
Nikatazama. Ya wangu yameungua kingo
kama karatasi iliyopitishwa mshumaani.
Yako mabichi, yanang'aa, hayana habari.

Akakaa juu ya ndoo, akanieleza
huku anakuna kifundo cha mguu alichoumwa na ruba:
kwamba zamani mpunga wote ulikuwa na tabia yako,
kule mabonde ya Asia, na kwetu pia, kando ya Mto Naija;
kwamba wewe si babu wa huu wangu, ni binamu,
ila babu naye alikuwa mwagaji vilevile.
Watu wakaja na vikapu,
wakakuta nyingi zimeshapukutika,
wakabeba zilizong'ang'ania.
Hizo ndizo zilizofika nyumbani. Hizo ndizo zilizopandwa.
"Kwa hiyo walichagua," nikasema.
"Labda walichelewa tu," akasema.
Akalamba bahasha, akaifunga.

Nimelala na neno hilo.
Saa tisa usiku ilikuwa zamu yetu ya maji ya Rau.
Nikashika tochi na jembe, nikasimama hadi magotini,
nazuia hapa, nafungulia pale,
mgongo unalia kama bawaba,
na mpunga kimya, umeinamisha vichwa,
kila suke limekumbatia watoto wake
mpaka nije niwapige kwenye pipa ndipo liwaachie.
Nikiondoka mimi, misimu mitatu haufiki.
Nikaondoka wewe hata hutaniuliza.
Sasa nani kamfuga nani?
Wewe usiku huu umelala.

Asubuhi nimerudi, maana hasira haijaisha
na ada ya shule hailipwi kwa hadithi.
Nimekung'oa mstari kwa mstari,
nimekuanika mizizi juu ya tuta jua likumalize,
nimempigia kelele Ndeenengo na manati yake
awafukuze kweleakwelea badala ya kulenga makopo.

Lakini pale mferejini, chini ya lango la mbao lililooza,
kuna shina moja, suke limekwisha iva.
Nililiona. Sitasema sikuliona.
Nikanyoosha mkono,
upepo wa mlimani ukapita kwanza,
pru,
na mkono wangu,
wenye haraka zote za miaka kumi na saba,
ulichelewa tu.